Kumfundisha mwezeshaji wa vikao vya silosaibini: jinsi ya kupanga na kuendesha kozi ya Oregon

Wapigakura wa jimbo la Oregon, Marekani, walipitisha Hoja ya 109 mwezi Novemba 2020. Tangu vituo vya kwanza vilipofunguliwa 2023, mtu mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea anaweza kutumia silosaibini, ile kemikali iliyomo kwenye uyoga wa saikedeliki (unaobadilisha fahamu na kuleta maono), ndani ya kituo chenye leseni na mbele ya mwezeshaji mwenye leseni. Mwezeshaji hapewi leseni mpaka amalize kozi yenye mtaala ulioidhinishwa na Mamlaka ya Afya ya Oregon: saa 120 za masomo ya msingi na saa zisizopungua 40 za mafunzo kwa vitendo. Baada ya hapo anafanya mtihani wa jimbo, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Mwongozo huu ni wa anayepanga au kufundisha kozi hiyo. Muuguzi au mnasihi anayefikiria kujiunga nao utamsaidia kuitambua kozi nzuri kabla hajalipa ada.

Jambo moja linaamua ratiba yote. Elimu ya dawa yenyewe haichukui muda mrefu. Kinachochukua muda ni kumzoesha mtu aliyeishi miaka mingi kwa kusaidia wengine akae saa sita kando ya mtu anayelia au anayetetemeka bila kumharakisha, bila kumfasiria anachokiona, na bila kumgusa zaidi ya walivyokubaliana. Kozi inayojaza saa zake kwa slaidi hutoa wahitimu wanaotaja vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo, bila kukosea lakini wanashindwa kunyamaza dakika kumi. Na mteja aliye katikati ya kikao hana namna ya kujikinga na mwezeshaji wa aina hiyo.

Leseni inaishia wapi

Mwezeshaji wa Oregon si daktari. Leseni yake haimruhusu kutambua ugonjwa wala kutibu, na mteja hahitaji barua ya hospitali ili aingie kituoni. Muuguzi au mwanasaikolojia anayechukua leseni hii lazima afundishwe mapema kwamba ndani ya chumba cha kikao anafanya kazi ya mwezeshaji. Hawa ndio wanaosumbuka zaidi na mpaka huu, kwa sababu mkono wa muuguzi umezoea kutenda.

Usichukue mtaala huu ukaupeleka kwingine ulivyo. Colorado, iliyopitisha sheria yake Novemba 2022, inadai saa 150 za masomo, 40 za vitendo na 50 za mashauriano, na ina leseni ya pekee kwa wawezeshaji ambao tayari ni wataalamu wa afya. Australia ilikwenda njia nyingine kabisa. Tangu tarehe 1 Julai 2023 ni madaktari bingwa wa magonjwa ya akili walioidhinishwa tu wanaoweza kuandika MDMA (dawa ya saikedeliki iitwayo pia ecstasy) kwa msongo wa baada ya kiwewe, au silosaibini kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine.

Kwa serikali kuu ya Marekani silosaibini bado ni dawa iliyopigwa marufuku, hata ndani ya Oregon. Mwanafunzi asiye raia, awe na kadi ya kijani, kesi ya hifadhi au viza ya masomo, azungumze na wakili wa uhamiaji kabla hajalipa hata dola moja, kwa kuwa sheria ya uhamiaji inafuata sheria ya serikali kuu. Onyo hilo hilo apewe mteja asiye raia. Liandike kwenye fomu ya maombi ya kozi kwa herufi zinazosomeka, usilifiche mwishoni.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, silosaibini ni haramu chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya 2015 na sheria ya Kenya ya 1994. Stadi za kukaa na mtu, kuomba ridhaa na kufanya ufuatiliaji zinaweza kufundishwa bila dawa yoyote, na zinamfaa kila mnasihi. Ketamini ni habari nyingine. Ni dawa ya usingizi iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985 na hospitali zetu zinaitumia. Ikitumika kwa sonona, hiyo ni kazi ya daktari mwenye vifaa vya kulinda njia ya hewa, na kozi ya mwezeshaji haimpi mtu ruhusa ya kuigusa.

Kuchagua wanafunzi

Kisheria inatosha mwombaji kuwa na miaka 21 na cheti cha sekondari. Sharti la ukaazi wa Oregon liliondoka mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo mchujo wa kweli unabaki mikononi mwa kozi, na ndipo makosa ya gharama kubwa yanapofanyika, kwa sababu kila mwombaji ni ada.

Fanya mahojiano ya dakika 45, wakufunzi wawili kwa mwombaji mmoja. Muulize: "Tueleze mara ya mwisho mtu alipokuja kwako kutaka msaada akaondoka bila kupata nafuu. Ulifanya nini?" Mwombaji anayefaa huweza kueleza alivyobaki na yule mtu na alivyojisikia. Asiyefaa huanza kujitetea, au humlaumu mtu yule kwamba hakuwa tayari. Muulize pia amewahi kukataliwa na mteja, mgonjwa au mwanafunzi, na alichukuliaje. Chunguza kwa makini mwombaji anayesema dawa ilimwonyesha kwamba amezaliwa kuwaponya wengine. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa hatari, maana ataingia kila kikao akitafuta kuthibitisha ufunuo wake mwenyewe.

Darasa lisizidi wanafunzi 24, na kwenye mazoezi kuwe na mkufunzi mmoja kwa kila wanafunzi sita. Zaidi ya hapo macho ya mkufunzi hayatoshi.

Kuzigawa saa 120

Jimbo limeshagawa saa za chini kwa kila moduli. Historia na desturi za matumizi zina saa 12, usawa wa kitamaduni 12, usalama na maadili 12, elimu ya dawa na utafiti 4, stadi za msingi za uwezeshaji 20, maandalizi ya mteja 16, kikao cha dawa 20, vikao vya baada 12, na vikao vya vikundi 12. Mpangilio ni wako. Anza na stadi za msingi na maadili, ziende sambamba wiki kwa wiki. Elimu ya dawa iwekwe katikati, baada ya wanafunzi kuwa wameshakaa kwenye mazoezi mara kadhaa. Ikitangulia, wanafunzi huikimbilia kwa sababu inaelezeka na haiwagusi.

Katika saa hizo nne, haya yasikose. Silosaibini hugeuzwa mwilini kuwa silosini, nayo hufanya kazi kupitia kipokezi cha serotonini kiitwacho 5-HT2A. Mteja huanza kuisikia kati ya dakika 20 na 40 baada ya kuitumia, hufika kileleni kati ya saa moja na saa mbili, na hali yote huchukua saa nne hadi sita. Presha na mapigo ya moyo hupanda kwa kiasi. Kichefuchefu, baridi na miayo ya mfululizo ni kawaida mwanzoni, na maumivu ya kichwa yanaweza kuja kesho yake. Oregon inaruhusu uyoga wa aina moja tu, *Psilocybe cubensis*, na kikomo cha kikao kimoja ni miligramu 50 za silosaibini. Kwenye tafiti nyingi za sonona dozi ni miligramu 25. Mwanafunzi azitofautishe miligramu za silosaibini na gramu za uyoga mkavu. Mkanganyiko huo ukimfuata mpaka kituoni ataongea na mteja kuhusu dozi tofauti kabisa na iliyo kwenye kikombe.

Uchunguzi wa awali: zoezi la faili kumi

Fomu ya taarifa ya mteja ya Oregon ina vizuizi vitatu visivyo na mjadala: mteja ametumia lithiamu (dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia) ndani ya siku 30 zilizopita, ana mawazo ya kujidhuru au kudhuru wengine, au amewahi kutambuliwa au kutibiwa saikosisi, yaani kupoteza mwelekeo wa uhalisia. Tafiti za kitabibu huwa kali zaidi. Humwondoa pia mwenye skizofrenia au baipola ya aina ya kwanza katika ukoo wa karibu, na mwenye presha isiyodhibitiwa. Mfundishe mwanafunzi akijue kiwango cha utafiti hata kama sheria haimlazimishi, kwani mteja anastahili kuambiwa.

Tengeneza faili kumi za wateja wa kubuni, tatu kati yake zikiwa na kizuizi kilichojificha. Kwa mfano, mteja ameandika "kidonge cha kutuliza hali, usiku" bila kutaja jina. Mwanafunzi mzembe anapita. Mwangalifu anasema: "Naomba uniletee kichupa chenyewe, unisomee kilichoandikwa," na kwenye kichupa pameandikwa lithiamu. Faili nyingine ina mteja aliyejibu hapana kwenye swali la ugonjwa wa akili, lakini akiulizwa kama kuna ndugu yake aliyewahi kulazwa, anakumbuka kaka yake aliyekuwa akisikia sauti tangu akiwa na miaka 19. Watu hawajui majina ya magonjwa. Wanajua kilichotokea nyumbani kwao, kwa hiyo uliza matukio.

Hili lina uzito zaidi kwa wateja wa jamii kama familia za Kikongo zinazoongea Kiswahili huko Portland, Oregon, ambazo nyingi zimepita kwenye kambi za wakimbizi na zimebeba kiwewe cha vita. Mtu anayesema amesikia sauti ya marehemu mama yake ikimwita anaweza kuwa anaeleza maombolezo, imani au ugonjwa. Mwanafunzi aulize: sauti inakuja mara ngapi, inamwamuru kufanya jambo, watu wa nyumbani au wa kanisani wanaionaje, imewahi kumzuia kulala au kufanya kazi? Mkalimani akihitajika asiwe ndugu wa mteja, na awepo pia siku ya dawa. Kwa kikao cha saa sita andaa wakalimani wawili wa kupokezana, nao wapitie mafunzo mafupi ya kukaa kimya.

Dawa za sonona zinahitaji kauli moja iliyokaririwa vizuri. Baadhi yake hupunguza nguvu ya silosaibini, na mteja atauliza kama aziache. Mwezeshaji hamwambii mteja aache dawa, hata kwa siku mbili. Jibu ni: "Hilo liamue na daktari aliyekuandikia, nami nitasubiri." Wape wanafunzi igizo dhima ambamo mteja anasihi, anakasirika, anasema amesafiri mbali na amelipa. Wengi wanayumba hapo, na ni heri wayumbe darasani.

Maandalizi na ridhaa ya kuguswa

Oregon inadai kikao cha maandalizi kifanyike si chini ya saa 24 na si zaidi ya siku 90 kabla ya siku ya dawa. Kwa mteja mgeni kimoja hakitoshi, panga viwili au vitatu. Ndani yake kuna fomu, haki za mteja, mpango wa usafiri wa kurudi nyumbani (haendeshi gari siku hiyo), mtu wa kumpigia simu, na mazungumzo kuhusu kinachomleta na anachokiogopa. Mengi ya haya mwanafunzi huyamudu haraka. Linalohitaji mkufunzi mkali ni mguso.

Kanuni za Oregon zinaruhusu mguso wa kumtegemeza mteja kwa mipaka hii tu: kumkumbatia, au kuweka mkono juu ya viganja, nyayo au mabega yake, na mteja awe ameridhia kwa maandishi kabla ya siku ya dawa. Sababu ya ukali huo inajulikana. Kwenye utafiti wa awamu ya pili wa MDMA uliofanyika Kanada, video zilionyesha wataalamu wawili wakilala kitandani na mshiriki, wakimkumbatia na kumbana akiwa chini ya dawa, na baadaye mmoja wao akawa na uhusiano wa kimapenzi naye. Agosti 2024 jarida la *Psychopharmacology* liliondoa makala tatu zilizotumia takwimu za kituo hicho. Kesi hii ifundishwe kwa urefu. Wanafunzi wengi hudhani madhara hutoka kwa watu wabaya walioingia kwa hila. Waonyeshe namna yanavyoanza kwa mguso mdogo uliotetewa kuwa ni tiba, mbele ya mtaalamu mwenza ambaye hakusema neno.

Zoezi la ridhaa hufanywa na watu watatu: mwezeshaji, mteja, mtazamaji. Mwezeshaji anaomba, anaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe mahali anapomaanisha, kisha wanajaribu: "Nikiweka mkono hapa begani, uzito huu, unajisikiaje? Niambie hapana, tujaribu neno hilo." Mteja lazima aseme hapana kwa sauti mara tatu, na mara zote tatu mkono uondoke papo hapo bila "samahani" ndefu inayomfanya ajisikie mkosaji. Watu waliolelewa kuheshimu wakubwa, na sisi ni wengi, hapana haiwatoki kirahisi mbele ya mtaalamu. Wafundishwe pia ishara ya mkono kwa ajili ya wakati maneno yatakapokuwa hayapatikani.

Kisha kanuni ambayo kila mwanafunzi aiseme hata akiamshwa usingizini: ndani ya kikao ridhaa inaweza kupungua, haiwezi kuongezeka. Mteja aliyeridhia mkono akiukataa, unaondoka. Mteja aliyeridhia mkono akiomba ulale kando yake, hapati. Igizeni hilo mpaka lizoeleke. Mteja analia, "Njoo ulale hapa kando yangu, nisaidie." Jibu linalofaa ni fupi na halimwachi peke yake: "Nipo hapa, siondoki. Tulikubaliana mkono. Mkono wangu huu hapa ukiutaka." Wakosaji ni wa aina mbili. Mmoja hutoa mhadhara kuhusu kanuni. Mwingine, kwa huruma, hukubali. Wa pili arudie zoezi siku hiyo hiyo.

Kikao kizima bila dawa

Kati ya saa 20 za moduli ya kikao cha dawa, tumia 18 kwa maigizo ya siku nzima: siku tatu za saa sita, kila mwanafunzi apite nafasi ya mteja, mwezeshaji na mtazamaji. Saa mbili zilizobaki ni za dharura. Watu hulalamika kwamba saa sita za kukaa bila dawa ni upotevu wa muda. Kuchoka huko ndiko somo lenyewe, kwani mwezeshaji hufanya makosa mengi saa ya nne, mgongo ukiuma na hakuna kinachotokea.

Chumba kiwe na kitanda chembamba au sofa pana, kifuniko cha macho, hedifoni na spika, blanketi mbili, beseni, tishu, maji, taa ya kupunguza mwanga, mashine ya kupimia presha na saa ya ukutani ambayo mteja haioni. Choo kiwe karibu, na kufuli lake lifunguke kutoka nje. Simu za wanafunzi zibaki nje. Iliyomo chumbani iwe moja, ya dharura.

Tuseme mteja anafika saa tatu asubuhi. Nusu saa ya kwanza ni ya kutulia, kupima presha, kurudia ridhaa na kuuliza kama amelala na amekula nini. Saa tatu na nusu anakunywa chai isiyo na kitu. Kuanzia hapo "mteja" analala, anafunika macho, anasikiliza muziki uliopangwa kufuata mkondo wa dawa: taratibu mwanzoni, mzito kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, mwepesi baadaye. Muziki wenye maneno anayoyaelewa mteja uepukwe kipindi cha kilele, maana maneno humwongoza. Mkufunzi ana kadi za matukio, na humpa mteja kadi moja kwa siri kila baada ya muda asioujua mwezeshaji: unatapika, unaamini umekufa, unataka kwenda nyumbani sasa hivi, unamwita mwezeshaji mama, unamtongoza, unacheka bila kukoma, huna chochote unachokisikia na umekasirika. Nusu ya kadi ziwe tupu, kusiwe na kitu. Mwezeshaji asiyeweza kuvumilia kadi tupu atajitafutia kazi ya kufanya.

Mfundishe apande ngazi kwa mpangilio, na asiruke. Kwanza asubiri, ahesabu pumzi zake kumi. Kisha asogee karibu kidogo bila kusema. Kisha maneno machache, kwa sauti ya chini: "Nipo hapa." "Pumua." "Unaweza kuangalia kilichopo?" Kisha mkono, kama uliridhiwa. Kisha abadilishe kitu kimoja cha mazingira: muziki, mwanga, au mteja akae kitako. Swali la kujiuliza kabla ya kila hatua ni hili: ninafanya hivi kwa sababu mteja anahitaji, au kwa sababu mimi siwezi kuvumilia? Mtazamaji anaandika dakika ya kila kuingilia kati, na baadaye mwanafunzi anaulizwa sababu ya kila moja.

Makosa yanayojirudia yanafahamika. Mwanafunzi anafasiri: mteja anasema ameona maji, naye anajibu kwamba maji ni mama. Mwanafunzi anaandika kumbukumbu muda wote, na mteja akifungua macho anakutana na utosi wa mtu aliyeinama. Wawezeshaji wawili wananong'onezana, jambo ambalo kwa mteja mwenye wasiwasi linathibitisha kwamba wanamsengenya. Mwanafunzi anamsindikiza mteja chooni bila kukubaliana mapema atasimama wapi (nje ya mlango, mlango usiofungwa kwa ufunguo, akimsemesha kila dakika moja). Na mwishoni, mteja anapoanza kuongea vizuri na kutabasamu, mwanafunzi analegea. Hapo ndipo mteja husema yuko sawa na kutaka kuondoka mapema. Sheria inaweka muda wa chini wa kikao kulingana na dozi, na muda huo haupungui kwa sababu mteja amechangamka.

Mteja akisisitiza kuondoka wakati wa kilele, usimzuie kwa mwili. Simama, tembea naye kidogo ndani ya chumba, mkumbushe makubaliano, mpe maji, mwombe dakika tano. Mara nyingi mwili ukitembea, dakika tano zinatosha. Mlango wa nje wa kituo uwe na mtu, na mwezeshaji ajue jina lake.

Saa mbili za dharura ni za mambo machache yasiyosubiri: maumivu ya kifua, degedege, kupoteza fahamu, mteja anayejidhuru au anayetangaza mpango wa kujiua. Hapo inapigwa 911, na mwanafunzi afanye mazoezi ya kuwaambia ukweli wote: dawa gani, miligramu ngapi, saa ngapi, dawa nyingine anazotumia mteja. Miongozo ya usalama iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 2008 inataja diazepamu ya kumeza kwa wasiwasi usiotulia, lakini hiyo ni ya kliniki yenye daktari. Mwezeshaji hatoi dawa yoyote. Kila mwanafunzi awe na cheti hai cha huduma ya kwanza na ufufuaji wa moyo kabla ya kwenda kwenye vitendo.

Je, mwanafunzi atumie dawa yeye mwenyewe?

Swali hili huulizwa siku ya kwanza. Shirika la MAPS, la Marekani linalotafiti dawa za saikedeliki, liliendesha utafiti uliowapa wataalamu waliokuwa mafunzoni MDMA chini ya uangalizi, na wapo wakufunzi wanaoamini huwezi kukaa na mtu mahali usipopajua. Hoja ina uzito. Lakini kozi haipaswi kulifanya sharti. Linawafungia nje wenye magonjwa ya moyo, wajawazito, waliopona uraibu na wasio raia, na linampa mkufunzi nguvu mbaya juu ya mwanafunzi aliyelewa mbele yake. Kupumua kwa kasi kwa mtindo aliouanzisha daktari wa magonjwa ya akili Stanislav Grof, baada ya kazi yake ya utafiti wa LSD, dawa nyingine ya saikedeliki, huko Maryland, humpeleka mtu kwenye hali ya fahamu iliyobadilika bila dawa, na kwa mwanafunzi inatosha. Nayo ina mchujo wake: asiwepo mwenye kifafa, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye historia ya saikosisi.

Saa 40 za vitendo

Hapa kozi nyingi zinakwama, kwa kuwa wanafunzi ni wengi kuliko nafasi za vituoni. Saini makubaliano na vituo kabla ya kutangaza kozi, na umwambie mwombaji kwa maandishi nafasi ngapi zipo. Mteja lazima aridhie mapema uwepo wa mwanafunzi, amwone kwenye kikao cha maandalizi, na awe huru kumkataa hata asubuhi ya kikao bila kupoteza miadi yake. Mwanafunzi mmoja kwa kikao, basi.

Kila siku ya vitendo ifuatiwe na mashauriano ndani ya wiki moja. Katika mashauriano hayo anayezungumziwa zaidi ni mwanafunzi: alitamani kufanya nini akajizuia, alichukizwa na nini, alivutwa na nani. Mkufunzi anayeacha muda wote uishie kwenye simulizi la maono ya mteja amepoteza nafasi.

Baada ya kikao

Mwezeshaji lazima awasiliane na mteja ndani ya saa 72. Mfundishe apige simu kesho yake, na tena siku ya tatu. Maswali ni ya kawaida: umelala, umekula, uko na nani, kuna kitu kinakutisha? Dalili za kumpeleka kwa daktari ni kutolala siku mbili mfululizo huku nguvu zikizidi, imani mpya isiyoyumba kwamba ametumwa au anafuatiliwa, huzuni inayozidi, mawazo ya kujiua, au maono yanayorudi na kumzuia kufanya kazi. Orodha ya madaktari na wanasihi wa rufaa iwe tayari kabla ya mteja wa kwanza, yenye namba zilizopigwa zikapokelewa.

Maamuzi makubwa, kama kuacha kazi, kuvunja ndoa, kuuza nyumba au kuwakabili wazazi kuhusu jambo lililoonekana kwenye kikao, mteja ashauriwe kuyaweka kando kwa wiki chache. Kuhusu kumbukumbu mpya zilizoibuka, mwezeshaji hazithibitishi wala hazikanushi. Hana njia ya kujua.

Kupima na kumzuia mwanafunzi

Mtihani wa jimbo hupima maarifa. Mwenendo chumbani unapimwa na kozi yenyewe. Stadi sita alizozipanga Janis Phelps wa chuo cha CIIS, San Francisco, mwaka 2017 ni msingi mzuri: utulivu wenye huruma, kujenga imani, uelewa wa mambo ya kiroho, elimu ya dawa, kujitambua na uadilifu, na mbinu saidizi. Rekodi video ya siku ya tatu ya igizo kwa kila mwanafunzi, wakufunzi wawili waitazame kila mmoja peke yake, kisha walinganishe alama. Wakitofautiana kwenye uadilifu, chukua alama ya chini.

Mambo matatu yamzuie mwanafunzi kupata cheti bila kujali alama nyingine: alimgusa mteja nje ya makubaliano, alificha jambo kwenye mashauriano, au alikaidi uamuzi wa kumkataa mteja asiyefaa. Anayekwama kwenye kunyamaza au kuongea sana arudie moduli, na ada ya kurudia iwe ndogo, ili wakufunzi wasipate sababu ya fedha ya kumpitisha wala ya kumrudisha. Sera hii aisaini mwombaji kabla ya kulipa. Iambatane na anwani ya mtu wa nje ya kozi ambaye mwanafunzi au mteja anaweza kumpelekea malalamiko dhidi ya mkufunzi, pamoja na ya Mamlaka ya Afya ya Oregon.